Kibao cha Mtaa

Azzan kaileta filamu kwenye kompyuta yake,
ya zamani, nyeusi na nyeupe, mikwaruzo kama mvua.
Tumekaa sebuleni Al Khoudh, kiyoyozi kinakohoa,
shangazi Thuwaiba kapakata kisahani cha halua, hali.

Kiooni kuna mji wa ugenini na baridi yake.
King'ora kinalia. Mama mmoja kapanda juu ya paa
na ndoo ya mchanga, anauzima moto,
anashuka, anajipangusa, hajaachana hata unywele mmoja.
Nyuma yake fidla zinamlilia.

"Nywele zile," kasema shangazi, "kazitengeneza nani vitani?"
Tukacheka. Yeye hakucheka.
Kisha, bila ya kuulizwa, akaanza Kuwait.

Rumaithiya, Agosti ile. Hapakuwa na fidla, palikuwa na nzi.
Wazoa taka wameshakimbia, na joto ndilo hilo mnalolijua.
Um Mishari, ambaye hata kikapu chake sokoni
hakuwahi kukibeba,
akajifunga kitambaa puani, akashika toroli la duka la ushirika,
yeye anavuta, miye nasukuma,
mlango kwa mlango, mpaka kiwanjani tukatie moto.
"Ujasiri, wanangu, unanuka vichwa vya samaki."

Halafu ikapita shauri, mdomo kwa sikio:
vibao ving'olewe.
Kwani orodha zilikuwa zikitembea. Jina, mtaa, nambari ya nyumba.
Asiyeujua mtaa hataujua mlango.
Wenye ngazi wakatoa ngazi. Kuttan wa tanuri la mikate
akatoa koleo lake, na unga bado umo kuchani.
Miye mshoni nilikuwa na nini?
Bisibisi ya cherehani, ndogo kama kidole cha mtoto.
Skrubu nne. Nilizisomea kila moja Kulhuwallahu.

Kukapambazuka kibao kimo ndani ya baibui,
nimekifunga kwa kanga tumboni, chuma kinanikata,
na mbele yangu kijana wa kijeshi, kidevu hakijaota kitu,
kamba za viatu zinaburura, karatasi mkononi.
Khala, akaniita. Khala, huu mtaa gani?

Nikamwambia: sijui, mwanangu. Miye mgeni hapa.

(Hapo shangazi kanyamaza kidogo, kakitazama kisahani.)

Unguja niliambiwa mgeni, nilikozaliwa.
Maskati nikashuka, ulimi wangu ukanitangulia: mgeni.
Kuwait wakaniandikia kabisa, kwa muhuri,
na kila mwaka naulipia ule ugeni wangu.
Neno limenila miaka yote.
Siku ile likanilipa.

Akaomba maji. Nikampa, ndiyo, nikampa,
alikuwa na kiu na alikuwa mtoto wa mtu.
Akaenda akamuuliza Kuttan: mgeni.
Akamuuliza mzee wa msikitini: mgeni.
Akamuuliza Um Mishari, kwenye kizingiti
cha nyumba aliyoijenga babu yake,
naye akajibu, macho makavu: wallahi, mgeni.

Tukacheka tena, na safari hii shangazi alitangulia.
Kisha akaikata cheko katikati, kama uzi.

Nyumba ya kona, akasema, hatukuiwahi.
Nambari yake ilichongwa kwenye jiwe.

Hatukuuliza nyumba ya nani.
Azzan alisahau kuisimamisha filamu;
vita vyao vimekwisha, kengele zinapigwa,
majina yanapanda, meupe juu ya weusi,
na shangazi anayafuata kwa kidole, herufi asizozisoma.

"Hawa ndio nani?"
Waigizaji, bibi. Wote.
"Hata yule mwuza magazeti? Alipita mara moja tu."
Hata yeye, bibi.
"Wameandikwa," akasema,
"na hapana aliyewatafuta."
Kisha akaila halua.